Taifodi ya kwenye karatasi na taifodi ya kwenye damu

Mgonjwa ana homa ya siku ya nne. Maabara ya mtaani inamtoa damu kidogo, na kabla saa moja haijaisha anapewa karatasi: malaria hakuna, Widal 1:160. Anaondoka na dawa za taifodi. Miezi miwili mbele homa inarudi, kipimo kinarudiwa, namba ni ileile au imepanda, na sasa anaambiwa ana “taifodi sugu”. Akienda maabara nyingine siku hiyohiyo anaweza kupewa jibu jingine, na hospitali ya rufaa ikiotesha damu yake inamwambia haikuona kitu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kisumu na Kampala, swali la wagonjwa ni moja: nani aaminiwe?

Swali hilo halitatuliwi kwa kutafuta maabara ipi ni mwaminifu. Vipimo hivi vyote huitwa “kipimo cha taifodi”, lakini kila kimoja kinatafuta kitu chake. Kimoja kinamtafuta bakteria mwenyewe akiwa hai. Kingine kinatafuta kumbukumbu iliyobaki mwilini kuhusu sehemu za nje za bakteria huyo. Vingine vinatafuta kipande chake, au mwitikio wa mwili kwa kitu alichokitoa. Majibu yakitofautiana, mara nyingi hakuna aliyedanganya. Yaliyoulizwa yalikuwa maswali tofauti, na mgonjwa hakuelezwa.

Bakteria anavyotambulika kwa nje

Homa ya matumbo husababishwa na Salmonella Typhi, bakteria mwenye umbo la fimbo ambaye Karl Eberth alimwona kwa hadubini mwaka 1880 na Georg Gaffky akafanikiwa kumwotesha mwaka 1884. Maabara humtambua kwa vitu vitatu vilivyo juu ya mwili wake. Cha kwanza ni minyororo ya sukari iliyopandikizwa kwenye utando wake wa nje, ambayo hupewa herufi O. Cha pili ni protini ya mijeledi anayoogelea nayo, herufi H. Cha tatu ni ganda laini la sukari linalomfunika, Vi, ambalo Felix na Pitt walilieleza mwaka 1934.

Mfumo wa kuainisha Salmonella kwa sehemu hizo, uliojengwa na Philip Bruce White wa Uingereza na Fritz Kauffmann wa Copenhagen, leo una aina zaidi ya 2,500. Aina nyingi hivyo zinapatikana kwa kuchanganya vipande vichache kwa namna mbalimbali, na ndiyo maana vipande vyenyewe vinajirudia. Typhi ana O9 na O12. Salmonella Enteritidis naye ana O9 na O12. Salmonella Typhimurium ana O12. Hawa wawili hawasababishi taifodi, lakini barani Afrika huingia kwenye damu ya watoto wadogo, hasa wenye malaria au utapiamlo, na ya watu wazima wenye VVU. Kumtambua Typhi kwa O peke yake ni kama kumtambua mwanafunzi kwa rangi ya shati lake wakati shule tatu za mtaa zinavaa shati hilohilo.

Widal: nguvu yake ya kweli

Mwaka 1896 Max von Gruber na Herbert Durham walionyesha kwamba seramu (majimaji ya damu) ya aliyekutana na bakteria fulani huwafanya bakteria hao washikane na kuwa mabonge madogo yanayoonekana kwa macho. Mwaka huohuo, mjini Paris, Fernand Widal aligeuza jambo hilo kuwa kipimo cha wagonjwa. Bakteria waliouawa huchanganywa na seramu ya mgonjwa inayozimuliwa hatua kwa hatua: mara 20, 40, 80, 160, 320. Hatua ya mwisho ambayo mabonge bado yanaonekana ndiyo namba inayoandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo 1:160 haina maana ya wingi wa bakteria. Inasema kwamba kingamwili, ile kumbukumbu ya mwili kuhusu bakteria, zilikuwa nyingi kiasi cha kufanya kazi hata seramu ilipozimuliwa mara 160.

Hakuna haki katika kukidharau kipimo hiki kwa sababu ya umri wake. Hakihitaji mashine, vitendanishi vyake ni rahisi, na kinaweza kufanyika mahali ambako umeme unakatika kila jioni. Kwa miaka mingi kimekuwa ndiyo dirisha pekee la maabara kwa homa isiyo malaria katika zahanati nyingi. Atakaye kukiondoa ana wajibu wa kusema mganga wa zahanati atabaki na nini.

Tatizo linaanza pale kanuni zake zinapofupishwa. Widal ya mirija hukaa kwenye joto kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, kabla ya kusomwa. Ya slaidi husomwa ndani ya dakika chache, na macho ya wasomaji wawili hayalingani. Kanuni ya awali pia ilitaka sampuli mbili, ya pili siku 7 hadi 14 baada ya ya kwanza, ili ionekane kama kingamwili zimepanda angalau mara nne. Mgonjwa gani atangoja wiki mbili? Basi hupimwa mara moja, na namba moja inabebeshwa kazi ya mbili.

Namba hiyo moja ina udhaifu wa pande zote. Katika wiki ya kwanza ya ugonjwa kingamwili huenda hazijatosha, na mgonjwa wa kweli akatoka hasi. Upande wa pili, kingamwili za H hudumu muda mrefu baada ya kupona, na bakteria wengine wenye vipande vya O vinavyofanana huacha alama ileile. Hata malaria inaweza kuuchochea mwili kutoa kingamwili ovyo. Hapo ndipo “taifodi sugu” inapozaliwa. Antibayotiki huua bakteria, haifuti kingamwili. Mtu aliyepona anaweza kuendelea kuonyesha 1:160 kwa miezi, na kila anapopata mafua yenye homa akapimwa, anapewa dozi nyingine ya ugonjwa usiokuwepo. Kurudia Widal ili kujua kama dawa imefanya kazi hakuna msingi wowote.

Hesabu ya Muheza

Utafiti unaofafanua jambo hili vizuri kuliko wowote ulifanyika Tanzania, katika Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga, na kuchapishwa mwaka 2010. Watoto 1,680 waliolazwa na homa walioteshwa damu na kupimwa Widal ya mirija. Waliothibitishwa kuwa na taifodi kwa kuotesha walikuwa 16, yaani mmoja katika kila mia. Kiwango kilichofanya kazi vizuri kuliko vingine, kingamwili za H kuanzia 1:80, kilinasa asilimia 75 ya wagonjwa na kuwaacha huru asilimia 98 ya wasio nao. Kwa kusikia tu, hicho ni kipimo kizuri.

Sasa fuata watoto wenyewe. Asilimia 75 ya 16 ni 12. Asilimia 2 hivi ya wale 1,664 waliobaki ni kama 34. Kwa hiyo kati ya watoto 46 hivi walioonekana chanya, 12 tu ndio waliothibitishwa: asilimia 26. Karibu watatu katika kila wanne waliopata jibu la “ndiyo” hawakuwa na ugonjwa uliothibitika. Na hapo tunazungumzia kazi ya utafiti, mirija, na watu waliosimamiwa. Tuchukulie, kwa hesabu tu, kwamba slaidi ya maabara ya mtaani inawaacha huru asilimia 85 badala ya 98. Watakaoonekana chanya bila ugonjwa watafika 250, na chini ya watu 5 katika kila 100 wenye karatasi ya “chanya” watakuwa na taifodi.

Mtetezi wa Widal ana hoja ya haki hapa: kuotesha damu nako hukosa wagonjwa, kwa hiyo baadhi ya wale 34 huenda walikuwa na taifodi kweli. Tuikubali hoja hiyo hadi mwisho wake. Kama kuotesha kulikosa nusu ya wagonjwa, wenye taifodi walikuwa 32, na Widal ingewanasa 24 kati ya 46. Bado karibu nusu ya majibu chanya ni potofu.

Upande wa hasi ulikuwa tofauti kabisa. Mtoto wa Muheza aliyetoka hasi karibu hakika hakuwa na taifodi. Kipimo tunachokitumia kusema “unayo” kilikuwa hodari zaidi kusema “huna”, ingawa sehemu ya uhodari huo ilitokana tu na uchache wa ugonjwa wenyewe.

Ndiyo maana jibu halihamishwi kutoka mji mmoja hadi mwingine. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta taifodi 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika mtaa wa Kibera, na 29 tu Lwak, kijijini magharibi mwa nchi. Mahali ambako watu 10 katika kila 100 wenye homa wana taifodi, kipimo kilekile cha Muheza kingekuwa sahihi kwa zaidi ya 8 kati ya 10 wanaotoka chanya. Vitendanishi ni vilevile, namba ni ileile, maana imebadilika. Maabara isiyojua ugonjwa umeenea kiasi gani katika eneo lake haiwezi kufasiri karatasi inayoitoa.

Kuotesha damu, na gharama ya ukweli

Njia inayomtafuta bakteria mwenyewe ni kuotesha, au kalcha kama wenyewe wa maabara wanavyosema. Damu huingizwa kwenye chupa yenye supu ya virutubisho, huwekwa kwenye joto la mwili, na hufuatiliwa kwa siku kadhaa. Akiota, ubishi umekwisha. Tena anaweza kujaribiwa dhidi ya dawa moja baada ya nyingine, jambo ambalo Widal haiwezi kulifanya hata kwa bahati.

Hata hivyo kuotesha hunasa takribani asilimia 40 hadi 60 ya wagonjwa. Sababu ni idadi: katika mililita moja ya damu ya mgonjwa wa taifodi mara nyingi kuna bakteria mmoja tu aliye hai, au pungufu. Ukichukua mililita 2 badala ya 8 au 10, unaweza kumkosa kabisa. Mgonjwa akiwa amemeza antibayotiki za duka la dawa kwa siku mbili, nafasi inapungua zaidi, na wengi wanaofika hospitali wameshafanya hivyo. Uboho wa mfupa hutoa matokeo mazuri zaidi, zaidi ya asilimia 80, lakini kutoboa mfupa kwa kila mwenye homa hakuwezekani na hakufai.

Kwa hiyo “haikuota” si sawa na “huna”. Hilo linapaswa kuandikwa kwenye jibu, na mara nyingi haliandikwi. Mgonjwa anapokuta Widal chanya na kuotesha hasi, anadhani mmoja amemdanganya. Ukweli ni kwamba Widal inakosea zaidi inaposema ndiyo, na kuotesha kunakosea zaidi kunaposema hapana.

Gharama nazo ni za kweli: chupa, jokofu la vitendanishi, umeme usiokatika, mtaalamu anayejua kutofautisha Typhi na uchafu wa ngozi ulioingia kwenye sindano. Na muda. Siku mbili hadi tano ni nyingi kwa mwenye homa kali, kwa hiyo daktari huanza dawa kabla ya jibu. Wengine huuliza basi jibu hilo lina faida gani. Faida yake kubwa iko kwa mgonjwa wa kumi na wa mia, kwa sababu ndilo linalomwambia daktari bakteria wa eneo lake bado wanauawa na dawa ipi.

Mmenyuko uleule, ukiwa umegeuzwa

Kuna jambo ambalo hata wanafunzi wa maabara hulipita haraka. Bakteria anapoota kwenye chupa, mtaalamu humthibitisha kwa kushikanisha mabonge kwenye slaidi, mmenyuko uleule wa Widal. Mbona hapo tunauamini?

Kwa sababu kinachojulikana kimebadilika. Katika Widal bakteria anajulikana na kingamwili za mgonjwa hazijulikani: zimetoka kwa magonjwa gani, lini, hakuna ajuaye. Katika utambuzi wa bakteria aliyeoteshwa, kingamwili ndizo zinazojulikana. Zimetengenezwa kiwandani na kusafishwa kwa mbinu iliyoelezwa na Aldo Castellani mwaka 1902, mwaka huohuo alioenda Uganda kuchunguza ugonjwa wa malale. Seramu huchanganywa na bakteria jamaa mpaka kingamwili za vipande vya pamoja zinyonywe zote, na zinazobaki ni za kipande kimoja tu. Damu ya mgonjwa haijasafishwa hivyo. Hata kwa seramu safi mtaalamu mzoefu anajua mtego mmoja: ganda la Vi linaweza kuifunika O, bakteria akakataa kushikana na seramu ya O9. Huchemshwa kwanza, ganda likatoka, kisha hujaribiwa tena.

Kosa, basi, halimo katika mmenyuko wa mabonge. Limo katika kuutaka utambue kitu cha pamoja kana kwamba ni cha mmoja.

Vipimo vipya

Vipimo vya haraka vilivyokuja baadaye vimeboresha hali kwa kiasi. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017 yalikuta Tubex, inayotafuta kingamwili za O9, ikinasa wastani wa asilimia 78 ya wagonjwa na kuwaacha huru asilimia 87 ya wengine. Typhidot, inayotumia protini ya utando wa nje, ilipata 84 na 79. Ukizipitisha namba hizo kwenye hesabu ya Muheza utaona hazikuokoi mahali ambako taifodi ni chache. Kaseti za kupima choo zinazotafuta vipande vya Typhi zina shida yao: mbebaji asiyeumwa, ambaye bakteria wamejificha kwenye nyongo yake, naye humtoa Typhi chooni, na homa yake ya leo huenda ni ya kitu kingine. Vipimo vya vinasaba hukwama kwenye ukuta uleule wa kuotesha, yaani bakteria wachache mno kwenye damu.

Njia yenye matumaini zaidi ni ile inayoachana na sehemu za pamoja na kutafuta mwitikio wa mwili kwa vitu anavyovitoa bakteria. Protini iitwayo HlyE, inayotoboa seli, hutolewa na Typhi na jamaa yake Paratyphi A, lakini Salmonella wengi wasio wa taifodi hawana. Kingamwili zake tayari zinatumika katika utafiti kukadiria taifodi imeenea kiasi gani katika jamii. Hata hii haiko huru kabisa, kwa kuwa baadhi ya E. coli wana protini hiyo. Kuifikisha kwenye meza ya zahanati bado ni safari, na asiwepo wa kuiuza leo kama suluhisho lililokamilika.

Uzito wa makosa

Wanaotetea Widal wana hofu ya msingi: taifodi isiyotibiwa hutoboa utumbo. Mlipuko wa Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka 2008 na 2009 ulijulikana kwa wagonjwa waliopasuliwa kwa sababu hiyo. Hofu hiyo siipuuzi. Kumkosa mgonjwa mmoja wa namna hiyo ni msiba.

Lakini kumpa taifodi asiye nayo nako kunaua, ila kifo chake hakiandikwi kwa jina hilo. Utafiti wa Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa mwaka 2007 na 2008. Madaktari walidhani malaria kwa asilimia 60.7, na malaria ikathibitika kwa asilimia 1.6. Miongoni mwa waliochunguzwa kwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, kama homa ya mgunda na homa ya Q, takribani robo walikuwa nayo. Kipimo cha malaria kilipoboreka, pengo lililoachwa na “malaria” lilijazwa kwa urahisi na “taifodi”, na magonjwa haya yakabaki gizani. Mwenye homa ya mgunda anayepewa karatasi ya Widal huacha kutafutwa.

Kisha kuna usugu. Ukoo wa Typhi uitwao H58, wenye asili ya Asia Kusini, umeenea Afrika Mashariki ukiwa umezishinda kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli. Katika jimbo la Sindh, Pakistan, tangu 2016 kuna Typhi anayezishinda hata siprofloksasini na seftriaksoni, na dawa ya kumeza inayotegemewa huko ni azithromaisini. Kila dozi inayotolewa kwa namba ya slaidi inawazoesha dawa bakteria wote waliomo mwilini mwa asiyeumwa taifodi.

Mlipuko wa Kampala wa mwaka 2015 ulionyesha njia hizi zinavyoweza kugawana kazi. Walioshukiwa walikuwa 10,230, waliotoka chanya kwa kipimo cha haraka 1,038, waliothibitishwa kwa kuotesha 51. Wachunguzi hawakulazimisha namba hizo ziwe kitu kimoja. Kipimo cha haraka kiliwasaidia kuhesabu na kufuata chanzo, ambacho kilikuwa maji machafu na vinywaji vya mitaani. Kuotesha kuliwathibitishia kwamba ni Typhi kweli. Katika mlipuko, wenye ugonjwa ni wengi, na kipimo dhaifu kinapata maana. Katika mwezi wa kawaida huko Muheza hakina.

Kwa kuyapima yote, msimamo wangu ni kwamba Widal ya slaidi, ya sampuli moja, haistahili kuendelea kuwa msingi wa kumwandikia mtu dawa. Zahanati inabaki na kipimo cha malaria, uchunguzi makini wa mwili, muda wa homa, na rufaa ya haraka kwa mwenye dalili za hatari. Akilazimika kutibu taifodi kwa kudhani, mganga aandike wazi kwamba ni kwa kudhani. Fedha zinazonunua vitendanishi vya slaidi zielekezwe kwenye chupa za kuotesha katika hospitali za wilaya na mikoa, na matokeo ya hospitali hizo yarudishwe zahanati kila baada ya miezi michache: bakteria gani wameota, dawa gani bado inawaua. Kikwazo kikubwa si sayansi. Maabara nyingi za mtaani huendesha biashara yake kwa kipimo hiki, na mgonjwa aliyelipa hataki kuondoka bila jina la ugonjwa.

Uamuzi huu hauwezi kungoja, kwa sababu chanjo imefika. Chanjo inayotumia ganda la Vi iliwakinga watoto wa Blantyre, Malawi, kwa kiasi cha asilimia 80. Zimbabwe iliianza mwaka 2021, Malawi mwaka 2023, na Kenya ikafanya kampeni ya kitaifa Julai 2025. Kingamwili za Vi haziivurugi Widal, inayosoma O na H, kwa hiyo karatasi zitaendelea kutoka vilevile. Ila wagonjwa halisi watapungua. Wakishuka kutoka 16 hadi 4 katika watoto 1,680, kipimo kilekile chenye asilimia 75 na 98 kitatoa majibu chanya yapata 36 au 37, na matatu tu kati yake yatakuwa ya kweli.